Namna ya Kupanga Safari ya Mashambani Ufaransa Bila Kuomba Ruhusa ya Mawingu

Anza kwa kufuta. Ile programu ya simu inayokuonyesha kijua cha njano juu ya Jumanne ya wiki tatu zijazo, ifute leo, kabla hujagusa begi. Hakuna anayejua kama Jumanne hiyo jua litawaka kwenye kijiji ulichokichagua. Hata wataalamu wa Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, waliojaa kule Toulouse na kompyuta zao kubwa, hawadai kujua. Utabiri wao wa siku za mbele huja na alama ya uhakika, kuanzia 1 hadi 5. Ukiona 2 imekaa pembeni ya picha ya jua, shukuru: waungwana hao wamekwambia kweli kwamba hapo wanakisia.

Nayasema haya kwa mapenzi. Kuanzia Mei mpaka katikati ya Juni, majira ya kuchipua yanapoelekea ukingoni, ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuwa mashambani Ufaransa, na ndio wakati mbingu zake zinapokuwa na vituko vingi. Vituko hivyo vina sababu. Jua la mwisho wa Mei hupanda juu sawa na la katikati ya Julai. Linaipasha ardhi joto tangu asubuhi, ilhali hewa ya juu angani bado ina baridi. Joto linapanda, linakutana na ile baridi, na ikifika saa kumi jioni kuna ngurumo, mvua inayonyesha upande mmoja wa bonde na kuuruka wa pili, pengine na mvua ya mawe inayomaliza kwa dakika chache mavuno ya mwaka mzima ya mwenye mizabibu. Tena nchi yenyewe imekaa njia panda: magharibi kuna Atlantiki inayoleta mawingu na manyunyu, kusini kuna Mediterania, mashariki kuna hewa ya bara. Mara nyingine fungu la hewa baridi hukatika huko kaskazini, likaja kutuama juu ya Ufaransa siku kadhaa, linazunguka palepale, na wataalamu wanabaki kubishana litaondokea wapi.

Ndiyo maana Mei ya 2022 ilivunja rekodi ya joto ya mwezi huo, na ndiyo maana miaka sita kabla yake, mwishoni mwa Mei 2016, mvua ilinyesha mfululizo hadi kasri la Chambord likasimama katikati ya maji, mji wa Nemours ukafurika, na mto Seine ukapanda mita 6.10 pale Paris siku chache baadaye. Mwezi ni uleule, nchi ni ileile.

Kama unaona aibu kubadili mipango kwa sababu ya wingu, mkumbuke Jenerali Eisenhower, kamanda wa majeshi ya Washirika. Uvamizi wa Normandy ulipangwa ufanyike tarehe 5 Juni 1944. Mkuu wa watabiri wake, James Stagg, akamwambia bahari itachafuka na mawingu yatafunga, kisha akamwambia kuna upenyo mdogo siku inayofuata. Meli zikasubiri, na tarehe 6 wakashuka watu wapatao 156,000. Hata hivyo mbingu hazikumaliza kazi: dhoruba ya tarehe 19 hadi 22 Juni iliivunja bandari ya muda iliyounganishwa baharini mbele ya ufukwe wa Omaha. Basi ikiwa jeshi lile liliahirisha, wewe na kikapu chako cha mkate na jibini mnaweza kuahirisha bila kumwomba mtu radhi.

Funga kitanda, usifunge siku

Msafiri anayelala kila usiku mji tofauti amejiwekea miadi na kila wingu lililoko njiani. Jumatatu ni kasri, Jumanne ni mto, Jumatano ni mlima, na mvua ikiamua kukaa mlimani Jumatano, hana la kufanya. Wewe chagua nyumba moja, ikae mahali ambapo ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari kuna kitu cha kila aina ya anga. Kila jioni baada ya chakula tazama utabiri wa kesho, ule wa kesho tu, ndipo uamue. Huo ndio mpango mzima, na anayekuuliza Machi utafanya nini tarehe 22 Mei mjibu kwamba utamjulisha tarehe 21.

Kwa sisi tunaosafiri na pasipoti za Afrika Mashariki, jambo hili lina uzito wa ziada. Viza ya Schengen inataka uthibitisho wa mahali utakapolala, bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, na maombi yawasilishwe si mapema kuliko miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Yaani unalazimika kutaja Februari utalala wapi Mei, wakati mawingu yanayohusika bado hayajazaliwa. Usipigane na sharti hilo, litumie. Anwani moja ya wiki mbili inasomeka vizuri kwenye fomu kuliko anwani tisa zilizotapakaa kwenye ramani, na haikufungi kwa lolote zaidi ya kurudi kulala. Tafuta nyumba inayokuruhusu kufuta bila kutozwa mpaka karibu na siku yenyewe, na soma masharti hayo mstari kwa mstari kabla hujalipa.

Nyumba unayoitafuta inaitwa gîte. Ni nyumba ya mashambani iliyokarabatiwa, yenye jiko lako mwenyewe, inayopangishwa kwa wiki, mara nyingi Jumamosi hadi Jumamosi. Ya kwanza ilifunguliwa 1951 huko Provence ya milimani, na shirikisho la Gîtes de France likaundwa 1955, watu walipokuwa wakihamia mijini na nyumba za mawe zikianza kuporomoka bila wenyewe. Wazo lilikuwa mkulima apate kipato cha pili na nyumba ipate paa. Napenda sana kwamba fedha ya mgeni huishia kwenye vigae vya jirani yake wa wiki mbili.

Ukiniuliza kitanda kiwekwe wapi, nitakwambia bonde la mto Dordogne, kati ya Sarlat na Souillac. Treni kutoka kituo cha Austerlitz, Paris, inakufikisha Souillac kwa karibu saa tano. Baada ya hapo kodi gari, maana mabasi ya vijijini yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi na hayana habari na wewe.

Siku ya mvua ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe

Uzuri wa bonde hili uko chini ya ardhi. Mawe yake ni ya chokaa, maji yameyatoboa kwa zama na zama, na ndani ya mapango joto ni takriban nyuzi 13 mwaka mzima. Mvua ya nje haikuhusu. Hapo ndipo mvua inapokuwa baraka: wenzako wamejifungia hotelini wanalalamika, wewe uko mbele ya michoro ya watu walioishi makumi ya maelfu ya miaka iliyopita.

Lascaux utaisikia kwanza, na ni haki yake. Vijana wa Montignac waliigundua Septemba 1940. Ikafungwa kwa umma 1963 kwa sababu pumzi za watazamaji zilikuwa zinaiharibu michoro, na leo unaona nakala kamili katika jengo la Lascaux IV lililofunguliwa Desemba 2016. Nenda, inafaa. Lakini ukiwa na mvua ya siku moja tu, mimi ningeshika njia ya kusini hadi Pech Merle, katika mkoa wa Lot, ambako unaingia ndani ya pango lenyewe. Kuna farasi wawili waliochorwa wakitazama pande tofauti, miili yao imejaa madoadoa meusi, na kichwa cha mmoja kimefuata umbo la jiwe lenyewe kana kwamba jiwe lilikuwa linamsubiri mchoraji. Juu na chini yao kuna viganja vya mikono. Mtu aliweka kiganja ukutani, rangi nyeusi ikapulizwa kukizunguka, akakiondoa, na nafasi tupu ya vidole vitano ikabaki hapo. Simama karibu kadiri kamba inavyoruhusu, uutazame mkono mmoja tu, uone kidole gumba kilivyokaa. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kwa hiyo piga simu ile jioni uliyoona mvua inakuja, usingoje asubuhi.

Tahadhari moja kuhusu Padirac. Ni shimo kubwa lililofunguka ardhini, unashuka mita 103 hadi kwenye mto unaotiririka gizani, kisha mpiga kasia anakupitisha kwa mashua. Hapa watu wengi hukosea: wanalifanya kuwa mpango wa mvua. Mvua ikinyesha sana maji ya chini hupanda na mashua husimama. Padirac ni ya siku ya mawingu bila mvua, au ya siku ya joto kali unapotamani nyuzi 13 kwa moyo wote.

Mvua ya asubuhi ya Jumatano au Jumamosi ina dawa nyingine, nayo ni soko la Sarlat. Sehemu ya soko imo ndani ya lililokuwa kanisa la Sainte-Marie, lenye milango mirefu ya chuma iliyobuniwa na Jean Nouvel. Nje wauzaji wako chini ya maturubai, maji yanachuruzika pembeni, na biashara inaendelea kama kawaida. Huu ndio msimu wa asparaga nyeupe, zimefungwa kwa mafungu na udongo bado uko kwenye vikonyo, na wa stroberi za gariguette, nyembamba, zilizochongoka, ambazo harufu yake inakufikia kabla hujaiona meza. Jibini ya mbuzi ya Rocamadour ni vidonge vidogo vya gramu 35. Nunua vitatu: kimoja kibichi, kimoja cha wiki moja, kimoja kilichokauka, uone umri unavyofanya kazi. Kabla ya kuuliza bei ya chochote, sema kwanza “Bonjour, madame” au “Bonjour, monsieur”, na umtazame mtu usoni. Aliyelelewa kusalimu kabla ya kueleza shida yake hatapata taabu hapa. Aliyeanza na “bei gani?” atahudumiwa mwisho.

Kwa anayekula halali, eneo hili ni la bata na nguruwe, na mafuta ya bata yanaingia mpaka kwenye viazi. Uliza. Majira haya yanakupendelea hata hivyo: asparaga, mayai, jibini, samaki wa mtoni, mafuta ya jozi, stroberi. Jiko la gîte ndilo linalokufanya huru, kwa hiyo siku ya mvua ni siku ya kupika pia.

Tazama nyanya

Kuna methali ya Kifaransa inayomkataza mtu kuvua hata uzi mmoja mwezi Aprili, kisha inamwambia Mei afanye apendavyo. Nusu ya pili usiifuate kabla ya kuzungumza na mkulima wa bustani. Yeye atakutajia watakatifu watatu wa barafu: Mamert, Pancrace na Servais, tarehe 11, 12 na 13 Mei. Majina yao yaliondolewa kwenye kalenda zinazouzwa, lakini bustanini bado wanaheshimiwa, kwa sababu sakitu ya usiku mmoja inatosha kuua miche ya mwezi mzima. Watu wengi hawatoi nyanya nje mpaka watatu hao wapite, na wenye hofu zaidi wanamsubiri Mtakatifu Urbain, tarehe 25.

Hofu hiyo si ushirikina mtupu. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Aprili 2021, baada ya siku za joto zilizoamsha machipukizi mapema, baridi ilishuka chini ya sifuri karibu nchi nzima na mizabibu na miti ya matunda ikaungua. Huko Chablis, wenye mashamba huwasha mamia ya mishumaa mikubwa kati ya safu za mizabibu alfajiri, au hunyunyizia maji juu ya machipukizi ili yagande. Barafu ile hulikinga chipukizi lisishuke zaidi ya nyuzi sifuri. Mtu anayekesha akinyunyizia mti wake maji ili auokoe na baridi anastahili kuaminiwa kuliko simu. Hivyo ukifika kijijini pita kwenye bustani za watu. Miche ya nyanya ikiwa bado iko dirishani, ndani ya vikopo, panga siku zako kwa sweta. Ikiwa imeshapandwa na kuegemezwa vijiti, panga mto.

Kalenda nayo inanyesha

Watu hujiandaa kwa mvua wakasahau sikukuu. Mei ya Ufaransa ina tarehe 1, siku ya wafanyakazi, ambapo karibu kila kitu hufungwa na watu huuziana maua madogo meupe barabarani. Ina tarehe 8, ya ushindi wa 1945. Ina Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, na Jumatatu ya Pentekoste, ambazo hufuata Pasaka kwa hiyo husogea kila mwaka. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, Ijumaa nayo humezwa ili ipatikane likizo ya siku nne, na gîte zote nzuri zimekwisha tangu majira ya baridi. Jumapili ya mwisho ya Mei kwa kawaida ni siku ya akina mama, na meza ya mgahawa siku hiyo haipatikani kwa kubahatisha. Weka wiki yako katikati ya sikukuu hizi, si juu yake. Siku ya kufika, nunua mkate, mayai na maziwa kabla hujafungua begi.

Saa za kula nazo ni sheria. Mchana wanahudumia kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu, pengine saa nane. Ukifika saa tisa umelowa na una njaa, mpishi ameshakwenda nyumbani, na migahawa mingi hufungwa Jumatatu nzima. Weka kwenye gari mkate na jibini muda wote. Nimeona watu wakigombana vibaya kwenye maegesho ya vijiji vizuri sana, na chanzo kilikuwa saa nane na dakika kumi.

Ndani ya nyumba ya mawe

Ukuta wa gîte ya zamani unaweza kuwa na unene wa zaidi ya nusu mita. Agosti utaubariki. Mei bado umehifadhi baridi ya Februari, na nje kunaweza kuwa na nyuzi 22 huku ndani umevaa soksi mbili. Wenye nyumba wengi huzima mfumo wa kupasha joto msimu ukiisha, au huutoza kando. Uliza kabla ya kulipa, kwa maandishi: hita inafanya kazi Mei? Umeme umo ndani ya bei? Jiko la kuni lina kuni? Maswali hayo matatu yana faida kuliko picha zote za bwawa la kuogelea, ambalo wiki ya kwanza ya Mei utalitazama tu.

Kuhusu nguo, beba nyembamba nyingi badala ya koti moja zito, ili uvae na uvue kadiri saa zinavyokwenda. Koti la mvua linalokunjika ndilo la kwanza, na Wafaransa wenyewe ndio waliolipa umaarufu: K-Way ilianzia Paris 1965, ikijikunja na kuwa mfuko wa kufunga kiunoni. Mwavuli nunua hukohuko. Aurillac, mji wa milima ya Cantal upatao saa mbili mashariki, umeishi kwa kutengeneza miavuli tangu karne ya 19, na watu wanaoishi kwenye mvua ile hawatengenezi mchezo. Viatu viwe vya kushika kwenye utelezi, maana vijia vya chokaa vikilowa havina huruma. Na chukua kanga mbili. Kanga ni shali kwenye pango, kitambaa cha kukalia kwenye nyasi zenye umande, taulo baada ya mto, na pazia kwenye chumba kisicho na mbao za dirisha.

Pazia utalihitaji. Mwisho wa Mei katika bonde la Dordogne jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, na mwanga unakaa mpaka baada ya saa nne. Kwa aliyezoea giza la saa moja, huu ni utajiri: mvua ikikunyima mchana, bado una jioni ya saa nne nzima za kutembea. Anayeswali apange ratiba yake mapema, kwa kuwa Magharibi inaingia saa tatu na nusu, Isha inasogea kuelekea saa sita usiku, na Alfajiri haikawii. Usingizi wa mchana, baada ya chakula, ndio utakaokuvusha.

Jua likitoka

Acha unachofanya. Kweli, acha hata vyombo. Jua la asubuhi la Mei huwa halina ngurumo mpaka alasiri, kwa hiyo ya nje yafanye kabla ya saa nane mchana. Kodi mtumbwi upite chini ya kasri za Beynac na Castelnaud zinazotazamana ng'ambo ya mto, zilizokuwa maadui wakati wa Vita vya Miaka Mia. Mto ukiwa umejaa baada ya mvua nyingi wenye mitumbwi hawakodishi, na wakikukatalia usiwabembeleze. Basi nenda La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya maji na genge refu linalotazama kusini. Jiwe lile linanyonya jua na kulirudisha, hata bustani iliyo chini yake imeotesha mitende na migomba. Kuukuta mgomba pale, karibu na Sarlat, umejikunyata lakini hai, kuna faraja yake.

Anayetaka milima mirefu akumbuke theluji. Kipito cha mlimani cha Galibier, mita 2,642, na cha Iseran, mita 2,764, kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni, baada ya mitambo kukata theluji. Afadhali Aubrac, uwanda wa juu ambako wikiendi iliyo karibu na tarehe 25 Mei ng'ombe wanapandishwa malishoni wakiwa wamevikwa maua na kengele, na watu wanakula aligot, viazi vilivyopondwa na jibini mpaka vinavutika. Inaweza kunyesha, inaweza hata kuanguka theluji kidogo. Ng'ombe hupanda vilevile.

Na anayeng'ang'ania Provence aende akijua mambo mawili. Lavenda haichanui Mei. Mashamba ya Valensole hubadilika rangi kuanzia mwisho wa Juni, na kabla ya hapo utapiga picha mistari ya majani ya kijani. La pili ni mistral, upepo wa kaskazini unaoteremka bonde la Rhône ukizidi kilomita 100 kwa saa siku zake za hasira. Mtu wa pwani anayejua kusi na kaskazi ataelewa upesi: upepo wenye jina unajengewa nyumba. Nyumba za zamani za kule zimeipa kaskazini mgongo usio na madirisha, miseprasi myembamba imepandwa kama ukuta, na minara ya kengele imewekewa kofia za chuma zenye matundu ili upepo upite. Mistral ikivuma anga huwa safi kabisa, nawe utadanganyika ukatoka na fulana.

Barabarani

Hapa hakuna utani. Tangu 2001, baada ya dhoruba kubwa za Desemba 1999, Météo-France hutoa ramani ya tahadhari ya kila mkoa kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Itazame kila asubuhi. Njano, tembea kwa macho. Chungwa, ahirisha mto, mlima na barabara za mabondeni, ubaki karibu na nyumba. Nyekundu, usitoke. Ngurumo zikikukuta njiani usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, rudi garini. Usivuke barabara iliyofunikwa na maji hata kama mwenyeji mbele yako amevuka. Simu ya dharura ni 112.

Hata sheria ya mwendo inafuata mbingu: barabara kuu za mwendokasi ni kilomita 130 kwa saa kukiwa kukavu, 110 mvua ikinyesha. Polisi wanajua kama inanyesha.

Jumamosi ya kuondoka, nyumba inatakiwa iwe tupu saa nne asubuhi. Fagia, toa taka, rudisha kuni zilizobaki mahali pake. Mwenye nyumba atakuja kusoma mita ya umeme pamoja nawe, na kama Mei ilikuwa ya baridi kutakuwa na kitu cha kuongeza. Mlipe, mwulize kama nyanya zake zimeshika, na kabla hujawasha gari mwulize kama wiki hiyohiyo ya mwakani bado iko wazi.